Palipofutika, Weka Nukta

Alipanda ngazi za duka la vipuri pale Kibuye
akipumzika kila ngazi ya tatu,
akaniwekea mezani kisahani cha bati:
nambari ya kazi ya marehemu, gatini, Kisumu.
Nne inasomeka. Saba inasomeka.
Katikati pamepita kidole gumba cha miaka thelathini
kikasugua hadi bati likawa uso wa maji.
Ofisi ya pensheni inataka ukurasa.

"Jina ni Ong'ayo," akasema Mama Dorsila.
"Si Ongayo. Ong'ayo. Pitishia puani."

Mimi nina faili mia mbili na kumi na nne,
daftari za mishahara zilizochapwa upya
na vijana wa kidato cha nne waliolipwa kwa ukurasa,
nao waliukimbilia ukurasa.
Humo hamna picha wala vitufe vya kubofya.
Ni maandishi matupu, na dirisha jeusi,
na kishale kinachopepesa kama mtu asiyeamini.

Nikaandika jina kama nilivyolisikia.
Mashine ikanyamaza.
Ile alama ndogo begani mwa ng',
inayotenga ng'oa na ngoa,
mashine iliiona kuwa mlango wa nukuu:
ikadhani nimeanza kunena,
ikakaa kuningoja nimalize.
Dakika nzima tuliheshimiana hivyo,
kila mmoja akidhani mwenzake anatafuta.

Nikafuta. Nikaingiwa na pupa:
nukta na kinyota, yaani lolote, mara zozote.
Ikamwaga gati zima kwenye kioo,
wachukuzi, wapishi wa meli, wapaka rangi,
mistari elfu sitini ikipanda
kama wadudu wa ziwa walioona taa.
Ukiomba chochote hunyimwi,
na huondoki na kitu.

Basi nikakaa nikamfikiria karani.
Mwaka wa sabini na moja, shati limelowa,
foleni imefika kwenye mizani,
mtu anasema Ong'ayo, naye anasikia nini?
Labda H mbele, maana alizoea kupumua
kabla ya irabu za watu.
Labda ile alama ya begani aliiona ni uchafu wa wino.
Labda y. Labda i.
Kila labda nikaipa ishara yake,
ulizo kwa herufi iliyokuja au isiyokuja,
mabano ya mraba kwa zinazogombea kiti kimoja:

grep -iE "h?ong'?a[yi]o" *.txt | grep "4.7"

na kwenye nambari, palipofutika, nukta.
Nukta si pengo. Nukta husema
hapa palikuwa na kitu, kimoja tu,
sikijui, lakini usikiruke.

Ikarudisha mistari miwili.

437   Hongaio   kuli   sh. 262
467   Ongayo   kuli   sh. 262, faini sh. 2, kuimba zamu ya usiku

Mama akainua bati dirishani, akaligeuza, akaligeuza tena.
Tatu au sita? Jua la saa nane halikujua.
Nikamwambia ukweli wa kazi yangu:
ruwaza hupokea umbo, mtu haimtambui.
Wote wawili wameingia kwa mlango niliouacha wazi.

"Nyumbani hakuimba hata siku moja," akasema.
Chini, kijana wa vipuri alikuwa akijaza tairi upepo.
"Hata kanisani alichezesha midomo tu."

Nikadhani amemchagua wa kwanza.
Nikatia karatasi kwenye printa.

"Huyo wa faini," akasema. "Nichapie huyo,
na ile shilingi mbili ionekane."
Akalifunga bati kwenye pembe ya leso.
"Na mwenzake umweke vizuri.
Naye ana wenyewe."