Siku Kumi, Ngara

Nikisema naenda Nairobi, wote huuliza, "Nani mgonjwa?"
Hakuna mgonjwa.
Siendi mazishi, siendi kumwombea mtoto karo,
sina kesi mahakamani.
Miaka thelathini nimepima kabichi za watu sokoni Wundanyi,
malori yakizipeleka kwenye mji ambao mimi sijauona.
Kabichi zimenitangulia.
Nami nataka kwenda, kabla magoti hayajazikataa ngazi.

Mwashigadi, mwana wa kaka yangu, amenuna kwenye simu:
"Shangazi, ulipie kitanda na mimi niko Umoja?"
Nampenda. Lakini naujua ugeni:
unaamka kabla ya wenyewe, unaosha vyombo usivyovichafua,
unacheka mzaha ambao hukuusikia vizuri,
na ukizidisha dakika mbili bafuni, mtu anakohoa mlangoni.
Tangu niolewe nimelala kwa ratiba ya wengine.
Safari hii nataka ufunguo.

Basi nikakaa na simu, miwani puani,
nikaichambua Nairobi kama maharagwe ya kupika kesho.

Kilimani: kitanda kina mito saba.
Mito saba, shingo moja!
Bwawa la kuogelea ni buluu kama dawa ya kusukutua,
na bei ya siku mbili ni mbuzi mzima na kamba yake.

Eastleigh ina vitambaa. Najijua. Ningekosa nauli ya kurudi.

Roysambu, mwenye nyumba ananiita mpenzi
kabla hajalijua jina langu,
anataka nusu ya pesa leo, kabla ya saa sita.
Nikamwachia mapenzi yake.

South B nilikaribia kutuma pesa, kweli.
Ila sebule ina dirisha kushoto kwenye picha ya kwanza
na kulia kwenye ya tatu,
nikajiuliza ni nyumba ngapi hizi ninazouziwa kama moja.

Ngara ilikuwa na picha nne tu,
mojawapo ina kidole cha mpigaji.
Nikapiga simu. Akapokea mtu anayetafuna:
Kithome, mwangalizi wa jengo.
Nikamhoji kama mwenye ng'ombe mnadani:
anakula nini, anapiga teke?

"Mama, lifti hakuna. Ngazi ni arobaini na nane,
nimezihesabu nikibeba mitungi ya gesi.
Alhamisi maji hupotea, hurudi yakipenda.
Ijumaa kanisa la ng'ambo hukesha, na spika zao ni mpya.
Jua la asubuhi lipo, jikoni, hadi saa tatu.
Mjini utakwenda kwa miguu,
lakini mkoba uvae mbele."

Nikangoja asifie kitu. Hakusifia.
Akameza alichokuwa akitafuna, akasema,
"Kufuli nilibadilisha mwenyewe mwezi jana."

Nikalipa.

Leo ni Alhamisi.
Bomba limekohoa mara mbili, likanyamaza,
nami nimecheka peke yangu kama mwehu,
kwa kuwa ndoo zangu mbili zimejaa tangu jana usiku.
Ngazi ni arobaini na tisa. Kithome alisahau kizingiti;
magoti yangu hayakusahau.
Mji nimeuona kidogo, nimepotea mara moja,
nimenunua viatu nisivyovihitaji.
Lakini saa mbili na nusu jua liko jikoni, pale aliposema,
limelala juu ya meza, karibu na ufunguo.

Jioni Mwashigadi atakuja. Bado amenuna kidogo.
Nitampikia kabichi, nimwone akila.
Nitamkataza kugusa vyombo.
Atabisha hodi,
nami nitauliza, "Nani?"
ingawa najua,
nitauliza polepole, na nitamngoja ajibu.