Lita Ishirini za Mwanzo

Sanduku limefika, Baba Nayfat,
limebondeka pembe moja, lina vumbi la bandari ya Mkoani,
na ndani vibuyu vitatu vya plastiki, vyeupe pe.
Barua hukutia. Umetia karatasi ya michoro:
mkono usio na mtu umeshika spana,
mshale, mshale mwengine,
tone la maji linacheka.

Fundi Mbarouk aliniahidi Jumatatu.
Jumatatu ikazaa Alkhamisi,
Alkhamisi ikamkuta harusini Konde.
Basi mie nikajifunga leso kiunoni
nikalala chali juu ya saruji,
kichwa ndani ya kabati la sinki,
kwenye harufu ya dagaa wa juzi na sabuni ya kipande,
Nayfat kanishikia taa ya simu.
"Hapo, mwanangu. Sio hapo. Hapo."

Koki ya ukutani haijapata kufungwa tangu ilipofungwa.
Nikaing'ang'ania kwa spana ya baiskeli ya babaako,
kutu ikanidondokea kwenye kope,
na maji, yale yale mekundu ya masika,
yakanishuka kwapani bila hodi.

Tundu la sinki alilitoboa kijana wa vitanda,
akakataa hela, akataka chai.

Tepu nyeupe, karatasi inasema, zungusha mara saba.
Nikazungusha kumi na mbili.
Nakujua wewe na hesabu zako:
Maskati ulisema mwaka mmoja.

Kibuyu cha kwanza kina uzi, cha pili kina mkaa,
cha tatu sijui kina nini.
Nimekiamini hivyo hivyo.
Si kitu cha kwanza kukiamini.

Mamaako kasimama mlangoni,
mkononi kitambaa chake cha melimeli
alichokivua kwenye mfereji asubuhi,
kimeshika rangi ya udongo wa Machomane, hakitoki tena.
Hakusema neno. Alikikunja mara nne
kama mtu anayekunja nguo za mtoto aliyekwishakua.

Nikafungua.
Kifereji kipya kikakohoa, kikatema hewa,
kisha yakaja maji meusi, meusi tititi,
wino wa ngisi mtupu.
"Ndo mtambo wa kusafisha huo?" akauliza mamaako,
na Nayfat akacheka mpaka taa ikatikisika
na vivuli vya vibuyu vikaanza kucheza ukutani.

Mwaga lita ishirini za mwanzo, karatasi inasema.
Nikabeba ndoo hadi kwenye mgomba wa uani.
Meusi. Ya kijivu. Ya moshi wa chai.
Halafu hayana rangi.

Mamaako akaonja. Aliyatafuna, na maji hayatafunwi!
"Hayana ladha," akasema. "Kama maji ya ugenini."
Akanywa gilasi nzima,
akakifunga kitambaa chake kwenye pindo la leso,
pale anapofunga hela.

Chini kabisa ya karatasi, kwa maandishi ya sisimizi:
vibuyu vibadilishwe kila miezi sita.
Nimepiga hesabu. Tangu uondoke
ningekwisha kubadilisha mara tano.
Vyengine usivitume kwa meli.

Na mara zote kumi na mbili za tepu,
kwenye kiungo cha tatu bado panavuja kidogo.
Nimeweka kikombe.
Usiku, Nayfat akishalala, nakisikia:
tone,
halafu kimya kirefu mpaka nadhani limeacha,
tone.