Kuchukua Baada ya Baba

Mwalimu Salhina kaandika ubaoni,
chaki ikilia kama bawaba ya banda la mbuzi:
linganisheni watu wa nyumbani kwenu.
Sentensi tano, kwa Kiingereza, wino wa buluu.

Nyumba yetu ya Limbani haina uhaba wa watu.
Nimeanza na Mize, mrefu kuliko mimi;
hiyo rahisi, ina ngazi yake, unapanda unashuka.
Kisha Faki na vidole vya miguu vya mama,
kile cha pili kimempita bwana gumba.
Lakini Mzungu hasemi kafanana.
Husema Faki anavyo, vidole vya mama,
nami nikainama uvunguni mwa meza
kuhesabu vya mwenyewe: kumi, vyote vipo.

Ya tatu nimeiiba kwa jirani wa dawati.

Ya nne ndiyo iliyonikwamisha.
Kamusi ya marehemu babu, isiyo na jalada,
inasema kufanana na mzazi
ni "kuchukua baada yake".
Baada.
Neno la matanga hilo, neno la sinia
lililokwisha kuliwa na wenzako.
Baba alipokwenda Maskati sikuwa na meno.
Nilichukua nini baada yake?
Deni la unga dukani kwa Khatib,
kitanda kilicholalia upande,
na kile kikohozi, anaapa shangazi,
kinachonitoka kabla ya uongo.

Huku kwetu tunasema upesi.
Wanawake wakija kumwona mtoto wa siku saba
humfunua, humgeuza, hucheka:
"Babake mtupu huyu! Mama kabeba tu!"
Hakuna njeo, hakuna kitenzi cha kunyambua.
Mimi waliponifunua, nasikia, walinyamaza,
hata bibi Bikombo akasema,
"Masikio yake mazuri,"
akanifunika.

Kwa hiyo ya tano nimeandika masikio.
Daftari limerudi na wino mwekundu:
Ya nani?
Kiingereza, anasema mwalimu, kinataka mwenyewe,
jina lake kwanza, halafu kale kamkia
kanakoning'inia juu, kama ukucha uliokatwa.

Nimekaweka kamkia. Nimekakoleza.
Mbele yake nimeacha nafasi
ya upana wa jina moja la mwanamume,
nikakohoa,
nikapeleka daftari.