Mbebaji

Barabara ya Kirinyaga, saa mbili kasorobo.
Nafungua kufuli tatu; ya nne imeshika kutu.
Misumari, rangi, bawaba, mabomba ya nusu inchi,
na kando ya droo, juu ya kitambaa cha bluu,
mashine ya risiti imeketi kama mgeni
asiyechangia unga.

Mteja wa kwanza anataka tangi la lita mia.
Anaitupia mashine jicho, anashusha sauti:
"Na bila risiti, ni ngapi?"
Namwambia bei ni ile ile.
Anavuka barabara, anaingia kwa jirani,
anatoka na tangi kichwani.
Sikumlaumu. Nilihesabu tu.

Wa pili analipa mia moja na kumi na sita.
Mia ni yangu, na ya kiwanda, na ya mwenye nyumba, na ya umeme.
Kumi na sita ni ya Serikali.
Mimi nimeishika tu,
kama unavyomshikia mtu mtoto akiingia msalani:
hanyonyi kwako,
lakini akianguka, wa kujieleza ni wewe.

Na huyu namshika mwezi mzima.
Karatasi ya risiti nanunua mimi.
Fundi wa mashine akija, nauli yake iko mfukoni mwangu.
Syombua namlipa elfu nane
akeshe akijumlisha pesa zisizonihusu wala kumhusu.
Tarehe ishirini usiku mtandao unazunguka, unazunguka,
kama nzi juu ya kikombe cha chai.
Faini haizunguki. Faini huja moja kwa moja.

Jana alikuja Kilundu na mkokoteni,
mabati ishirini mpaka Burma.
Nikasema mia tatu, akasema nne.
"Bosi, mabati si yangu," akasema, "lakini mgongo ni wangu."
Nikatoa nne.
Akaona rundo la risiti mbele ya Syombua, akauliza ni za nini.
Nikamweleza yote, mpaka ile kumi na sita.
Akasikiliza, ameegemea mpini.
"Na wewe, wakikubebesha, huwa wanakupa ngapi?"

Nilicheka.
Syombua hakucheka.
Aliacha kalamu hewani, akingoja tarakimu,
kana kwamba kuna safu ya jambo hilo
aliyoiruka kwa bahati mbaya.

Sikatai kulipa.
Gesare wangu alishonwa goti kwenye zahanati yao,
nyuzi saba, na hakuna aliyeniuliza nina ngapi.
Taa waliyosimamisha pale kona
ndiyo hunionyesha kufuli zangu jioni.
Sikatai.
Ila msagaji huachiwa pumba,
mchinjaji huondoka na kichwa,
na mweka hazina wa chama chetu cha Alhamisi,
ambaye hubeba elfu sita na daftari,
hununuliwa soda.

Shilingi moja katika kila mia.
Nusu, basi.
Ya karatasi.

Karatasi yenyewe haina kumbukumbu:
risiti za Januari nilizozihifadhi ndani ya kopo la majani
nimezifungua leo, nyeupe pande zote mbili.

Saa kumi na mbili nafunga. Tatu zimekubali.
Ya nne imegoma.
Nimechukua mafuta ya mashine hapo rafuni, chupa ndogo,
nikaidondoshea matone matatu,
kisha nikarudi ndani, nikawasha taa,
nikajikatia risiti.