Hai

Dirisha namba mbili, ofisi ya wilaya, Moshi.
Karani hakunitukana, niseme kweli.
Aliuliza tu: kadi ya kliniki iko wapi?
Iliungua na godoro, Pasua,
mwaka ule mama alipoondoka bila kuaga.
Cheti cha ubatizo? Cha shule?
Barua ya mtendaji wa mtaa unaoishi?

Mtaa ninaoishi ni kibaraza cha duka la mbolea,
Mbuyuni, milango ikishafungwa.
Mtendaji wake ni mlinzi, Ndelakwa.
Hana muhuri. Ana tochi.

Ukutani bango: Kila mtoto ana haki ya jina.
Pini moja imedondoka, haki inaning'inia upande.

Nikakunja mkono wa shati,
nikamwonyesha kovu la chanjo begani,
duara dogo, kama muhuri
uliogongwa karatasi ikiwa bado mbichi.
Hapa serikali ilinigusa, nikasema,
ikasahau kuandika.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
Mama aliitwa nani?
Aikasia.
Alijifungulia wapi?
Machame, usiku wa mvua,
ingawa Machame sijui ni usiku gani usio wa mvua.

Nilipanda kwa miguu kutoka njia panda,
nauli nilikuwa nimeshainywea chai.
Muuguzi wa kumbukumbu akashusha vitabu vitatu,
vumbi likatupiga chafya sote wawili.
Kidole chake kikateremka juu ya majina ya watu
ambao leo wanapiga kura, wana laini za simu,
wanashtakiwa kwa majina yao wenyewe.

Mstari wa kumi na nne.
Mama: Aikasia. Mtoto: ME. Kilo mbili na robo.
Jina: deshi.
Na pembeni kabisa, wino umefifia,
neno nililodhani ni wilaya,
mpaka muuguzi akatikisa kichwa:
hapana, kijana, hiyo ni hali yako.
Hai.

Kabla sijaitwa chokoraa,
kabla doria haijaniandika "asiyejulikana"
kwa kulala mahali ambapo usingizi ni kosa,
mtu aliyechoka, zamu ya usiku, alishika kalamu
akanishuhudia.

Leo nimerudi dirishani na nakala.
Karani ameikunjua, ameisoma mara mbili,
amefungua kofia ya kalamu.
Haya. Hapa kwenye deshi, tuandike nani?

Mtaani naitwa Spana.
Mama aliniita jina jingine, akiwa peke yake na mimi.
Nyuma yangu foleni inakohoa.
Nimesubirishwa maisha yangu yote.

Subiri kidogo, nikamwambia.
Akasubiri.