Herufi Isiyosomwa

Baba alitoza shilingi thelathini kwa herufi,
nafasi kati ya maneno bure,
nukta zawadi.
Kahindi Rangi, walimwita. Nusu ya mabango ya Barani, Malindi,
ni mkono wake: kinyozi, fundi simu, hoteli ya mahamri,
duka la dawa ambalo nyoka wake ana kope.

Kiingereza alikiokota ufukweni, miaka ya kuuza vinyago,
kwa masikio, bila daftari.
Alikisema kama anayekula wali wa moto,
maneno matatu tonge moja, mikia imemezwa,
na wageni wakacheka pale alipotaka wacheke.

Mimi nilikisoma shule. Nilituzwa kwa insha,
kamusi ya jalada gumu.
Siku mgeni aliponiuliza njia ya sokoni
niliipanga sentensi, mkato wake, kituo chake;
nilipofumbua kinywa
yeye alishafika, ananunua maembe.

Kisha Mahfudhi, mnoa visu, akataka bango la Kiingereza
wapishi wa mahotelini wamwone.
Baba akaanza na N, kama alivyosikia.
Nikamwambia, mbele kuna K.
"Inasemaje?"
Haisemi.
"Na mwisho?"
E. Nayo kimya.
Akalaza brashi juu ya kopo.
"Nimtoze Mahfudhi shilingi sitini
za herufi mbili zilizolala?
Sisi tukiandika kisu, zote nne zinakwenda kazini."

Nikamweleza nilivyofundishwa:
zamani K ilitamkwa, na mababu zao.
Midomo ikaendelea na safari, karatasi ikabaki.
Wajukuu wameiacha pale mlangoni
kama viatu vya marehemu
ambavyo hakuna anayethubutu kuvitoa.

Nilipolisema hilo nilitaka kulirudisha.
Kandambili za mama zilikuwa bado kizingitini,
ya kushoto imeungwa kwa waya.
Baba hakuzitazama.
Aliipaka K, nyekundu, taratibu,
na E vilevile,
na Mahfudhi alilipia herufi tatu.

Mwezi wa nane saruji ya kaburi ilikuwa imekauka.
Baba alibeba kopo hadi Ganda, akapiga magoti,
hakutaka nimshikie chochote.
Tuliposogea tukaona: KMBEYU.

Shangazi alijaribu kulisoma, ulimi ukakwama,
akajaribu tena,
akanigeukia mimi, msomi.

"Anza na M," nikamwambia.