Zidaka

Kadzo, yule wa mazoezi kule Malindi,
alisema: "Mama, tafuta ukuta.
Uupande kwa vidole, taratibu, kama buibui."
Nikacheka, na nyuzi za kidonda zikanivuta kwapani.
Buibui langu limetundikwa mlangoni, nikamwambia,
wala halijawahi kupanda popote.

Ukuta ninao.
Nyumba hii ya Mkomani ina kuta nene kama ukaidi,
na zidaka safu kwa safu, za fundi asiyekumbukwa jina.
Safu ya kiunoni: chaja, panadoli, kadi za kliniki.
Ya kifuani: udi na chetezo.
Ya tatu, miwani ya marehemu baba.
Ya juu kabisa, bakuli la bibi, lina ufa,
nililokuwa nikilipangusa vumbi bila kufikiri.

Walitoa tezi kumi na tisa.
Daktari alizihesabu kama achambuaye mchele:
kumi na tano nzuri, nne mbovu.
Sikujua hata kama ninazo.
Umri wote huu zimekaa gizani zikinichujia maji,
nami sijaziambia ahsante.

Wiki mbili nilitembea na chupa,
mrija ukitoka ubavuni,
maji mekundu, halafu ya mkandaa, halafu manjano.
Khuleita alinikuta kichochoroni, akaona kitu kimetuna.
"Umenunua nini?"
Juisi, nikasema.
Mungu anisamehe, nilicheka hadi nyumbani,
na nilipofika nikalia.

Mkono huu usipimwe presha.
Usidungwe, usibebe ndoo,
usirukiwe na mafuta ya mahamri.
Usivae kinachobana.
Bangili ya mamangu ilikuwa haivuki tena kifundo.
Sonara wa Langoni akaikata kwa tupa ndogo,
akigeuza uso kila baada ya msuguo,
kisha akakataa pesa.

Na sindano? niliuliza.
Mimi hushona kofia. Kofia moja, miezi minne.
Kadzo akanyamaza kidogo.
"Vaa subana," akasema.
Halafu: "Vaa mbili."

Ndani ya mkono, toka kwapani hadi kiwiko, hamna mtu.
Kidole chaisikia ngozi,
ngozi haikisikii kidole.
Usiku Lali huulaza juu ya mito miwili
kama aliyeachiwa mtoto wa watu.
Mume ambaye hakujua sukari inakaa kopo gani
sasa ananifunga sidiria kwa nyuma,
huifunga upande,
nami simsahihishi.

Jumatatu nilichomeka sindano kwenye mkono wa dera,
kama nifanyavyo tangu nifunzwe kushona.
Sikuhisi kitu.
Niliona tone tu, juu ya kitambaa cheupe,
dogo kama punje ya mtama,
nikashangaa ni damu ya nani.

Sabuni. Dawa. Lali akachora duara kwa kalamu
kuuzunguka wekundu, tupate kujua kama unatembea.
Tulikesha na tochi ya simu,
watu wazima wawili wakilinda duara.
Adhana ya alfajiri ikaukuta pale pale.

Lile tone halikutoka, nililifua mara tatu.
Basi nikalitoboa.
Nikalizungushia uzi mweupe, mshono kwa mshono,
likawa tobo kati ya matobo.
Atakayeivaa kofia hii siku ya harusi yake
atapigwa na upepo mdogo, upande wa kushoto,
na hatajua.

Leo kidole cha kati kimepita miwani ya baba.
Kimegusa ukingo wa safu ya juu, chokaa yake baridi,
kikatetemeka, kikashuka.
Lali alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika pumzi.
Akanyoosha mkono aniteremshie bakuli.

Liache, nikamwambia.
Liache hapo hapo.
Alhamisi nitajaribu tena.